Frederick Douglass si Mali ya Mabepari

Tarehe 19 Juni, 2013, vigogo wa vyama vyote viwili vikubwa vya Marekani walikutana katika jengo la Kongresi mjini Washington, wakafunua kitambaa, na sanamu ya shaba ya Frederick Douglass ikatokeza. Makofi yakapigwa. Mtu aliyezaliwa mtumwa, aliyethaminishwa utotoni pamoja na farasi na nguruwe wa bwana wake, akawa amepewa nafasi katika jumba la watunga sheria. Heshima hiyo anaistahili, wala hapana mpenda haki awezaye kuipinga. Lakini yawapasa wananchi kuuliza swali moja: mabepari humpenda mpinzani wao wakati gani? Humpenda akiisha kufa. Aliye hai na kusema humwita mchochezi. Aliyekufa na kunyamaza humchongea sanamu.

Maana Douglass anayesifiwa siku hizi si yule aliyeishi. Katika hadithi wanazosimuliwa watoto, na katika hotuba za wanasiasa wanaotetea matajiri, amegeuzwa kuwa kijana maskini aliyejifunza kusoma kwa siri, akajitahidi, akaheshimika, akafa katika nyumba nzuri juu ya kilima. Funzo linalokusudiwa ni wazi: ikiwa mtumwa aliweza kupanda ngazi kwa juhudi yake mwenyewe, basi kila maskini aliyebaki chini amejitakia. Hoja hiyo imevuka bahari. Wamo hata Waafrika wenye elimu wanaoirudia, wakidhani wanamheshimu mtu mweusi mwenzao, kumbe wanamsaidia mnyonyaji kujisafisha. Huo ni wizi. Douglass aliibwa mara ya kwanza mwili wake ulipofanywa mali. Sasa anaibwa mara ya pili, na jina lake ndilo linalofanywa mali.

Alizaliwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland. Mama yake, Harriet Bailey, alikuwa mjakazi aliyepangishwa kazi katika shamba lililokuwa umbali wa maili 12, na ilimbidi atembee usiku, baada ya kutwa nzima ya jembe, ili alale kidogo na mwanawe, kisha arudi kabla ya alfajiri asije akapigwa mjeledi. Mtoto alimwona mama yake mara chache, zikihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alipokuwa na umri wa miaka kama 7, mama alikufa. Bwana wao, Aaron Anthony, alikufa mwaka 1826, na mwaka uliofuata mali yake ikagawanywa kwa warithi. Mtoto Frederick, ambaye alikuwa amekwisha kupelekwa Baltimore, alirudishwa ili naye ahesabiwe. Wanaume na wanawake, wazee na watoto, walipangwa safu moja na farasi, kondoo na nguruwe, wote wakakaguliwa na kukadiriwa bei. Huo ndio utumwa. Haukuwa kosa la watu wachache wenye roho mbaya, kama zinavyodai hadithi za kutuliza nyoyo. Ulikuwa utaratibu wa uchumi, wenye madaftari, mahakama, mabenki na makanisa ya kuubariki.

Ndiyo sababu kisa cha kusoma kinachosimuliwa kila mahali yafaa kisomwe kwa makini zaidi. Katika nyumba ya Hugh Auld mjini Baltimore, mke wa bwana huyo alianza kumfundisha mtoto herufi. Mume akamkataza kwa hasira, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mabepari hukariri kisa hiki kuonyesha kuwa elimu humwinua mtu. Lakini Auld hakuhofia kwamba kijana angeinuka akapata cheo. Alihofia kwamba angeelewa. Tangu siku hiyo Douglass alijua adui anaogopa nini, akakitafuta kitu hichohicho. Alichukua mkate wa nyumbani kwa bwana wake akawapa watoto wa Kizungu wa mitaani, waliokuwa na njaa kuliko yeye, nao wakamlipa kwa herufi. Kwa hiyo hata elimu hii inayoitwa ya kujitafutia aliipata kwa kubadilishana na wenzake maskini, tena wa rangi nyingine.

Hivyo hivyo katika mengine. Mwaka 1834, alipokuwa na umri wa miaka 16, alikodishwa kwa Edward Covey, mkulima mdogo aliyekuwa na sifa ya kuwavunja mioyo watumwa wakaidi. Baada ya miezi kadhaa ya kupigwa, siku moja ya Agosti alimkamata Covey kooni wakapigana karibu saa mbili, na Covey hakuthubutu kumpiga tena. Wasimulizi hupenda kisa hiki kwa kuwa kinafanana na filamu: mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja. Wanachosahau kukisema ni kwamba Covey aliita msaada. Alimwita Bill, mtumwa wa kukodi, naye akakataa. Alimwita Caroline, mjakazi wake mwenyewe, mwanamke mwenye nguvu ambaye angeweza kumaliza pambano lile, naye akakataa, akijua vizuri kitakachompata. Akapigwa baadaye. Bila Bill na Caroline, huenda ulimwengu usingesikia jina la Douglass.

Na hata kutoroka hakutoroka peke yake. Tarehe 3 Septemba, 1838, aliondoka Baltimore kwa gari la moshi akiwa amevaa kibaharia na kubeba hati ya baharia mweusi aliye huru, ambaye angepata adhabu kali kama ingegundulika. Anna Murray, mwanamke huru aliyefanya kazi za ndani na ambaye baadaye alikuwa mke wake, ndiye aliyemsaidia kwa akiba yake. New York alipokelewa na David Ruggles, na New Bedford akapokelewa na Nathan na Mary Johnson, wote watu weusi waliojipanga kuwahifadhi watoro. Douglass mwenyewe aliitoa mara nyingi mhadhara juu ya watu waliojitengeneza wenyewe, mhadhara ambao wasemaji wa ubepari wanaung'ang'ania kama ruba. Wangeusoma tangu mwanzo wangekuta amesema kwamba, kwa hakika, mtu wa namna hiyo hayupo duniani.

Sehemu ya maisha yake inayofaa kuchunguzwa kuliko zote, na ambayo husimuliwa kidogo kuliko zote, ni ile ya gatini. Baltimore ilikuwa mji wa kuunda merikebu, naye alijifunza kazi ya kukalafati. Mwaka 1836, katika karakana moja ya merikebu, maseremala wa Kizungu waligoma wakitaka maseremala weusi walio huru wafukuzwe. Chuki ikawashukia hata wanagenzi. Vijana wanne wa Kizungu walimvamia Douglass kwa matofali na vyuma, nusura jicho lipasuke, huku makumi ya watu wakitazama. Bwana wake alikwenda kushitaki, akaambiwa kuwa bila shahidi mzungu hapana kesi. Baadaye, akiisha kuwa fundi, Douglass alipata dola 6 mpaka 9 kwa juma. Kila Jumamosi jioni alizipeleka zote kwa Hugh Auld. Pengine, fedha zikiwa dola 6, Auld alimrudishia senti 6 za kumtia moyo. Douglass aliziona senti zile kuwa ni ungamo: kumpa sehemu, hata ndogo vile, kulikuwa kukiri kwamba zote zilikuwa zake.

Lakini hakuishia kumlaumu Auld. Katika kitabu chake cha pili, cha mwaka 1855, alieleza kwa nini maseremala wale walimpiga. Mwenye watumwa, alisema, humnyang'anya mtumwa moja kwa moja, na humnyang'anya mfanyakazi mzungu kwa njia ya kuzunguka, kwa kumshindanisha na mtu asiyelipwa ujira. Wote wawili wanaibiwa na mtu mmoja. Ili wasigundue, yule mmoja hufundishwa kumchukia mwenzake. Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, nayo yana maarifa zaidi kuliko vitabu vingi vinavyotoka katika vyuo vyenye majengo ya marumaru. Mwaka 1883, akihutubia mkutano wa watu weusi mjini Louisville, alikwenda mbali zaidi: alisema upo utumwa wa ujira ambao ukali wake ni pungufu kidogo tu kuliko ule wa minyororo, na kwamba utumwa huo nao hauna budi kuangushwa. Wazindua sanamu hawapendi hotuba hiyo.

Wala unyonyaji huo haukuwa wa Marekani peke yake. Mwaka 1841 Douglass alihamia mji wa Lynn, Massachusetts, na jirani na Lynn upo mji wa bandari wa Salem. Wazee wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua mji huo kwa mali yake hata kama hawakulijua jina. Wafanyabiashara wa Salem walianza kwenda Unguja miaka ya 1820 na 1830; Marekani ikatia sahihi mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikafungua ubalozi wake mdogo hapo, Richard Waters wa Salem akiwa ndiye konseli. Bidhaa yao kuu ilikuwa kitambaa kigumu cha pamba ambacho mpaka leo jina lake linataja asili yake: merikani. Pamba ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini vilivyojiita vya watu huru, ikapakiwa Salem, ikateremshwa Unguja. Kutoka hapo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hadi Unyamwezi, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikanunua pembe za ndovu na kununua watu. Pembe zilirudi Connecticut kutengenezwa vitana na vibonyezo vya piano. Watu walibaki katika mashamba ya karafuu.

Ndipo mtumwa wa Afrika alipopimwa thamani kwa nguo aliyoilima mtumwa mwenzake wa Marekani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ingawa hawakuwa wanafikiria merikani. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, biashara ya merikani Unguja ikaanguka, na wafanyabiashara wa Uingereza na Bara Hindi wakaingia mahali pa Wamarekani. Asiyeamini kuwa utumwa ulikuwa mfumo mmoja wa dunia nzima aufuate huo uzi.

Douglass aliufuata. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1845, kikitaja majina na mahali, ilimbidi akimbie nchi asije akakamatwa, akaenda Ireland, Scotland na Uingereza. Huko alikuta Kanisa Huru la Scotland limepokea kiasi cha pauni 3,000 kutoka kwa wenye watumwa wa Kusini ili lijengee makanisa. Mwaka 1846 alizunguka mji kwa mji akidai fedha zile zirudishwe. Umati wa wafanyakazi ukaitikia dai hilo, likaandikwa hata ukutani. Viongozi wa kanisa walitoa hoja nyingi za dini na hoja nyingi za adabu. Fedha hazikurudishwa. Kila taifa changa lililowahi kuletewa msaada na mkono wenye damu litayatambua mazungumzo hayo, pamoja na zile hoja za adabu. Mwaka huohuo rafiki zake wa Uingereza walichanga pauni 150 wakamnunua kutoka kwa Auld, maana bila hati ya mauzo asingeweza kurudi nyumbani salama. Hivyo mtu aliyekuwa akisikilizwa na maelfu alibadilishwa kwa stakabadhi.

Aligundua pia kwamba hata miongoni mwa rafiki upo ubwana. Wakuu wa chama cha kupinga utumwa cha Massachusetts, waliokuwa chini ya William Lloyd Garrison, walipenda asimame jukwaani aonyeshe makovu yake na kueleza yaliyompata. Falsafa, walimwambia, waachie wao. Wengine walimshauri asiongee kwa ufasaha mno, watu wasije wakasema hakuwa mtumwa. Jibu lake lilikuwa kuanzisha gazeti. Tarehe 3 Desemba, 1847, mjini Rochester, toleo la kwanza la The North Star lilitoka, akiwa mhariri pamoja na Martin Delany. Garrison hakupendezwa, na miaka michache baadaye walifarakana kabisa. Lakini mtu anayesemewa na mwingine, hata akisemewa vizuri, bado ana bwana.

Hotuba zake za miaka ya 1850 ndizo zinazotajwa zaidi, na ndizo zinazokatwakatwa zaidi. Tarehe 5 Julai, 1852, alialikwa na wanawake wa Rochester waliopinga utumwa aseme juu ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Aliwauliza wenyeji wake kama walimwita ili kumdhihaki, akaonyesha kwamba siku ile, kwa mtumwa, ilikuwa ndiyo siku ya kuona unafiki wote wa mwaka kwa mara moja. Hakuwa akitia chumvi. Miaka miwili kabla, Kongresi ilikuwa imepitisha sheria ya kuwakamata watoro, ambayo ilimlipa mwamuzi dola 10 akiamua kuwa aliyeletwa mbele yake ni mtumwa, na dola 5 akimwachilia. Mwaka 1857, huko Canandaigua, alisema jambo ambalo kila chama cha ukombozi barani Afrika kililijua baadaye kwa mazoea yake chenyewe: kwamba mwenye nguvu hajawahi kuachia chochote bila kudaiwa, na kwamba wanaotaka uhuru huku wakichukia vurugu ni kama wanaotaka mavuno bila kulima. Siku hizi sehemu ya kwanza huchapwa kwenye fulana. Sehemu ya pili haichapwi.

Vita vilipokuja, aliwaita watu weusi washike bunduki. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiandikisha katika kikosi cha 54 cha Massachusetts. Karibu watu weusi 180,000 walipigana upande wa Kaskazini, wengi wao wakiwa watumwa waliotoroka mashambani. Nao walilipwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za mavazi, wakati askari mzungu alilipwa 13. Agosti 1863 Douglass alikwenda Ikulu kumkabili Abraham Lincoln juu ya jambo hilo. Kongresi haikusawazisha mishahara mpaka katikati ya mwaka 1864, baada ya askari kukataa kupokea fedha pungufu na kupigana bila mshahara. Vitabu husema Lincoln aliwapa watumwa uhuru. Aprili 1862, utumwa ulipofutwa mjini Washington, Lincoln akatia sahihi, waliolipwa fidia, hadi dola 300 kwa kichwa, ni mabwana. Mwaka 1876, mbele ya Rais na mawaziri, Douglass alialikwa kuzindua sanamu iliyomwonyesha Lincoln amesimama na mtu mweusi amepiga magoti. Hakukana wema wa Lincoln. Lakini alitamka waziwazi kuwa Lincoln alikuwa kwanza Rais wa watu weupe. Nakala ya sanamu hiyo iliyokuwa Boston iliondolewa mwaka 2020. Ilichukua miaka 144 kwa mji huo kuelewa alichokieleza siku moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya Douglass ni pamoja na kuambiwa alipokosea, maana hakuwa malaika, na ukombozi haujengwi kwa kuabudu watu. Baada ya vita alikitegemea mno Chama cha Republican. Mwaka 1871 aliunga mkono mpango wa kuitwaa Santo Domingo. Machi 1874 alikubali kuwa mkuu wa benki ya akiba ya watu walioachwa huru, akidhani anaheshimiwa, kumbe wakubwa wa fedha wa Washington walikuwa wamekwisha kuzikopesha akiba za madobi na vibarua kwa walanguzi wa njia za reli na viwanja. Aliitia dola zake 10,000 kuiokoa. Juni ikafungwa, ikiwa na wenye akiba zaidi ya 61,000 wanaoidai karibu dola milioni 3. Na mwaka 1877, katika majuma yaleyale ambamo chama chake kilikuwa kikiyaondoa majeshi ya kuwalinda watu weusi Kusini ili kikubaliwe kubaki na urais, Douglass aliteuliwa kuwa mkuu wa utekelezaji wa amri za mahakama wa Washington. Akakipokea cheo. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukishika, na wengi walijivuna. Ni vigumu kutouona mwafaka wa tarehe hizo mbili. Mtawala mwerevu ana njia nyingi za kumnyamazisha mtu. Mjeledi ni moja tu, na Douglass aliyemshinda Covey hakuutambua upesi mjeledi wenye nakshi.

Hata hivyo hakununulika. Alitumwa Haiti mwaka 1889 kuiwakilisha Marekani, wakati serikali yake ilipoitamani bandari ya Môle-Saint-Nicolas kuwa kituo cha manowari. Mwaka 1891 akaletwa amiri na meli za kivita kuwatia hofu wenyeji. Wahaiti, wana wa wale waliomshinda Napoleon, walikataa. Magazeti ya Marekani yakasema mtu mweusi ndiye aliyeharibu kazi. Ukweli ni kwamba hata yeye aliona kituo kile kina faida, na hapo alikosea. Lakini alikataa kuisaidia nchi kubwa kuitisha ndogo, akajiuzulu, akayaeleza yote hadharani. Haiti haikusahau: mwaka 1893 ilimchagua asimamie banda lake katika maonyesho ya Chicago. Ni kutoka banda hilo ambapo Ida B. Wells, mwanamke shujaa wa kalamu, aligawa kijitabu walichokitayarisha pamoja na wenzao, kilichoeleza pamoja na mengine habari za watu weusi waliokuwa wakinyongwa na magenge bila hukumu.

Jambo kubwa aliloliona katika uzee wake, na ambalo mabepari wangependa lifukiwe, ni ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman aliamuru ardhi ya mwambao wa South Carolina, Georgia na Florida igawiwe waliotoka utumwani, hadi eka 40 kwa kila familia. Watu kama 40,000 wakaanza kulima. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson aliamuru mashamba yarudishwe kwa mabwana walioasi. Katika hotuba ya mwaka 1880 Douglass aliwakumbusha wasikilizaji wake kuwa mkulima wa Urusi alipofunguliwa alipewa eka tatu za kusimamia, ila mtumwa wa Marekani aliachwa mikono mitupu, bila fedha, bila rafiki, bila hata futi moja ya ardhi. (Urusi aliionea huruma, wakulima wale walilipishwa ardhi hiyo miaka na miaka.) Mwaka 1888 alizitembelea South Carolina na Georgia, akaona wakulima wakilipwa kwa vipande vya karatasi vya kununulia katika duka la mwenye shamba peke yake, mwaka hata mwaka wakiongezewa deni. Aliporudi Washington alitangaza kuwa uhuru ule uliosherehekewa kwa robo karne ulikuwa ulaghai.

Unguja ilipata ulaghai wa jinsi hiyo. Amri ya tarehe 6 Aprili, 1897, iliyotolewa na Sultani chini ya shinikizo la Waingereza, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, tena aonyeshe kuwa ana makazi na riziki. Bwana alilipwa fidia. Ardhi na mikarafuu vikabaki kwa wenyewe, na aliyekuwa mtumwa akabaki humohumo shambani, akiitwa kwa jina jingine. Mambo yalibadilika kwa kweli baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, serikali ya mapinduzi ilipoitwaa ardhi na kuanza kuwagawia wakulima eka tatu tatu. Wapo waliobeza eka hizo kuwa ni chache. Hao wangemuuliza mjukuu wa mtumwa wa Georgia angetoa nini kupata hata moja.

Januari 1894 Douglass, mwenye umri wa miaka 75, alisimama katika kanisa moja la Washington kutoa hotuba yake kubwa ya mwisho, akiyashitaki magenge ya Kusini pamoja na waungwana wa Kaskazini waliotafuta visingizio. Tarehe 20 Februari, 1895, alihudhuria mkutano wa haki za wanawake, akarudi nyumbani, akafa jioni hiyo. Kijitabu cha Chicago kilikuwa kimetenga sura nzima kwa wafungwa waliokodishwa kwa makampuni ya reli na machimbo, kazi yao ikiwa halali kwa sababu Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Kifungu hicho hakijafutwa. Kiko katika Katiba ya Marekani neno kwa neno, na wenye uwezo wa kuanzisha hoja ya kukifuta hukutana katika jengo lilelile ambamo sanamu ya Douglass imesimama.